Vidole Vitatu Nilivyoificha Serikali

Mtu akilipwa fidia ya kiungo, kiungo kile kinakuwa mali ya serikali. Na kwa kuwa kiungo hakizikwi peke yake, siku ukifa serikali inakuja kuuchukua mwili mzima. Gari linafika kimya kimya, halipigi honi. Wanashuka watu wanne wenye makoti marefu, wanaonyesha karatasi uliyosaini, na jeneza linaondoka nalo. Huzikwi kibanjani kwako. Unazikwa makaburi ya manispaa, kwenye mstari, kwa namba.

Habari hiyo nilipewa nikiwa kwenye kiti cha kinyozi pale Nshamba, nusu ya kichwa kimenyolewa, nusu bado. Kinyozi alikuwa na ushahidi kamili. Kulikuwa na mpasua mbao mmoja wa Buhembe, msumeno ukamkata mguu, akalipwa, akafa, na yeye kinyozi anamjua mtu aliyemjua mtu aliyeliona lile gari kwa macho yake. Marehemu yuko manispaa mpaka leo, ukitaka nenda kahakikishe. Sikwenda kuhakikisha. Niliamini pale pale, na nikatoka na kipara cha upande mmoja, maana mikono ya kinyozi ilikuwa inatetemeka kwa hadithi yake mwenyewe.

Vijana mliozaliwa mjini mtacheka. Chekeni, lakini mjue kwanza kibanja ni nini kwetu Muleba. Ni nyumba, ni shamba, ni ukoo, vyote mahali pamoja. Migomba inaizunguka nyumba, mibuni iko katikati ya migomba, na chini ya hiyo mibuni wamelala babu na baba. Baba yangu yuko hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni. Nafasi yangu iko kushoto kwake, na watoto niliwaonyesha kwa kidole, enzi hizo nikiwa nacho. Mtu wa huku ukimwahidi mamilioni kwa sharti kwamba azikwe mstarini na watu asiowajua, atakurudishia mamilioni yako na kukuongezea nauli ya kurudi ulikotoka.

Wala msidhani ujinga huu ulikaa kwenye kichwa kitupu. Kichwa hiki kina cheti cha kidato cha nne, nilichokipata kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na tisa, nikikaa dawati moja na binti wa umri wa mwanangu, ambaye alikuwa akinisahihishia hesabu kwa huruma. Uraia nilipata B. Narudia kwa wale waliokuwa wanapiga miayo: Uraia, B. Mihimili mitatu ya dola naijua kwa majina na kwa kazi zake. Na bado niliamini kwamba mmojawapo unakusanya maiti.

Kazi yangu ilikuwa kukoboa kahawa. Miaka ishirini na sita, kiwanda kimoja upande wa Kemondo, sitakitaja jina kwa sababu hakikunikosea zaidi ya nilivyojikosea mwenyewe. Wakulima wanaleta kahawa iliyokaushwa na maganda yake, mashine inavua maganda, punje safi zinatoka huku na maganda kule. Mnasikia ilivyo rahisi? Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa parokia. Ikianza kunguruma asubuhi, kuku wa ng'ambo ya ghuba walikuwa wanataga kabla hawajajiandaa.

Aliyenifundisha ni Ta Respicius, fundi mkuu, mzee aliyekuwa na sikio moja linalosikia na tumbo linalosikia zaidi. Alikuwa akiegemeza tumbo lake kwenye bomba la chuma na kusema, "Ina jiwe." Tukifungua, tunakuta jiwe. Mimi niliegemeza tumbo langu miaka mitatu bila kusikia chochote zaidi ya njaa.

Wiki yangu ya kwanza nilimimina gunia zima la kahawa mbichi-mbichi, sikuikagua. Ilisagika, ikawa ugali mweusi, ikagandia ndani kama saruji. Tulichokonoa siku tatu. Ta Respicius hakunitukana. Alinikalisha kwenye ndoo, akaniwekea sahani ya punje, akasema, "Tafuna moja moja. Inayolia 'ka' imekauka. Inayokaa kimya, mrudishie mwenyewe akaanike." Nilitafuna tangu asubuhi mpaka mchana. Nawaambia kweli, sikulala siku tatu, na moyo ulikuwa unapiga ngoma kama harusi mbili zimekutana njia panda. Lakini tangu siku hiyo punje mbichi haikunipita tena. Sasa hivi nasikia wana kifaa kidogo, unaweka punje, kinakuonyesha namba. Vizuri. Meno yangu yangekuwepo bado.

Sheria yake nyingine ilikuwa ya kijiti. Mashine ikiziba, na huwa inaziba hasa kwa sababu kuna wakulima wanaotia mawe kwenye magunia ili mizani iwapendelee, huingizi mkono. Unazima. Unahesabu mpaka ishirini, polepole, kwa sababu swichi ikizimwa ile roli ya ndani, ndiyo inayovua maganda, haizimiki, inaendelea kuzunguka kwa hasira zake. Halafu unachokonoa kwa kijiti cha mbuni, mti mgumu, urefu wa mkono mzima. Ta Respicius alikuwa nacho kimoja kimeng'aa kwa kushikwa.

"Kijiti kikikatika?" nilimuuliza siku moja.

"Unakata kingine. Mibuni iko mingi."

"Na mkono ukikatika?"

"Sijaona unapooteshwa," akasema.

Asubuhi yenyewe ilikuwa mwanzo wa msimu, magunia yamepangwa mpaka darini, madereva wanapiga kelele nje. Mashine ikakohoa. Nikazima. Kifuniko cha pembeni kilikuwa kimefunguliwa kwa matengenezo tangu jana yake na hakikurudishwa. Nikahesabu mpaka ishirini, lakini nilihesabu kama mtu aliyefaulu hesabu: tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Kijiti kikanasa, kikaniponyoka, nami nikakifuata.

Sikusikia maumivu. Hilo ndilo linanishtua mpaka leo. Nilisikia kitu kama mtu anatafuna bisi. Nikautoa mkono, nikautazama, nikadhani ni wa mtu mwingine. Kuna gumba. Kuna kidole kidogo. Katikati hapana kitu, kama meno ya mtoto wa miaka sita. Nikamwambia Ta Respicius, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tata, naona vidole vyangu vimetangulia." Kisha nikaanguka.

Sasa njooni hospitali, maana kosa lenyewe hasa halikufanyika kiwandani.

Nesi alikuwa na kalamu na kadi. "Umeumia wapi, baba?"

Ta Respicius amesimama pembeni, amekumbatia kopo lake la chai, na ndani ya kopo vidole vyangu vitatu. Nami nikiwa nimelala pale, sioni dari, naona gari lisilopiga honi. Naona watu wanne wenye makoti. Nikajiambia, Novatus, ukisema kazini tu, umekwisha, karatasi zitaanza kutembea.

"Nyumbani," nikasema.

"Nyumbani? Na ovaroli lenye maganda ya kahawa mpaka masikioni?"

"Nilikuwa nakata kuni. Panga."

Ta Respicius akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Nadhani nzi waliingia wakatoka. "Novatus," akasema, "hilo panga lina umeme?"

"Tata, nyamaza, naumwa."

Daktari alivikagua vile vya kwenye kopo, akatikisa kichwa, havikuwa vya kuunganishwa. Ta Respicius akamkabidhi mke wangu, Leokadia, naye akafanya kama mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: akavipeleka nyumbani akavizika kando ya kaburi la baba. Niliporuhusiwa, kazi yangu ya kwanza kwa mkono wa kushoto ilikuwa kupanda mgomba juu yake. Leokadia alidhani ni kumbukumbu. Haikuwa kumbukumbu. Nilikuwa naificha serikali ushahidi. Mgomba wenyewe baadaye ulitoa mkungu ambao haujapata kuonekana tangu Muleba iumbwe, watu wawili waliubeba kwa mti mabegani. Nani angeula? Leokadia aliupeleka kanisani siku ya mavuno na akapigiwa makofi.

Vijana, chukueni kalamu hapa, mtacheka baadaye. Ukiumia kazini, neno la kwanza kutoka mdomoni liwe "kazini." Liseme kwa msimamizi, liseme kwa nesi, liseme kwa mkeo. Aliyekuona unaumia, mwandike jina na simu siku hiyo hiyo, maana watu wanahama na wengine wanakufa. Kadi ya hospitali usiiache hospitali bila nakala. Mkataba na hati ya mshahara visikae kiwandani, vikae kwako, na kwako visikae darini ambako panya wana usomi kuliko mimi. Na kama mwajiri anakwambia tumalize wenyewe, tutakupa kitu kidogo, mwambie asante halafu uende pale pale ulipokuwa unakwenda. Mimi haya yote niliyafanya kinyume, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma maelekezo kwenye kioo.

Basi nikarudi kibanjani, maana kazi ya mashine sikuiweza tena. Na mwaka ule nilijua kazi za vidole vitatu. Kifungo. Kamba ya kiatu. Kumenya ndizi. Kuvunja tonge. Kisu cha kupunguzia majani ya migomba kilikuwa kinaniponyoka kinaruka kama chura, kuku wote wakajifunza kukaa mbali nami. Leokadia akawa anafanya kazi ya watu wawili, na akirudi jikoni anakaa kitako chini kwanza, anashika mgongo. Halafu kidonda kikaanza kutoa usaha. Daktari akasema mfupa una uchafu, lazima wakate tena, na tena kwa awamu.

Ndipo Leokadia akasema neno ambalo halijawahi kusemwa kwenye nyumba ile. "Upande wa barabarani, Novatus. Tukiuza ule tu."

"Ule ndiko alikolala babu."

"Babu hatatoka. Atabaki na mwenye shamba mpya."

Na jirani yetu, mtu mwema, tunasali naye jumuiya moja, siku iliyofuata nikamwona anatembea mpakani kwa hatua ndefu zilizo sawasawa, midomo inacheza. Alikuwa anapima.

"Kadai," Leokadia akaniambia. "Wenzako wanalipwa. Ta Respicius kasema."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

Sikuweza kumwambia. Angeniuliza nimesikia wapi, nami ningesema kwa kinyozi, na yeye kile kichwa changu cha nusu alikiona. Akadhani namwogopa meneja. Akadhani nimerogwa. Alinifanyia novena, sala za siku tisa, sikubadilika.

Mara moja nilijaribu njia yangu mwenyewe. Kuna jamaa alikuwa akikaa karibu na mahakama, amevaa tai, ana mkoba mgumu. Vishoka, ndivyo watu wanavyowaita hawa wanasheria wasio na shule ya sheria, na huyu alikuwa shoka zima. Nikamwambia nataka kulipwa lakini nisilipwe kama mtu wa kiwandani. Hakushangaa hata kidogo. Akafikiri, akagonga mkoba, ukalia mtupu.

"Mamba," akasema.

"Mamba?"

"Serikali inatoa kifuta machozi kwa waliojeruhiwa na wanyamapori. Ulikuwa unaoga ziwani, mamba akachukua vitatu, akaviacha viwili."

"Mamba gani anakula vidole vitatu katikati akaacha vya pembeni?"

"Mamba aliyeshiba," akasema bila kucheka.

Waitu, nilikaribia kukubali! Msomi mzima wa Uraia B nilikuwa njiani kwenda kumsingizia mamba wa watu. Kilichoniokoa ni kwamba kama malipo yake alitaka nimwandikie kahawa yangu ikiwa bado maua mtini, biashara ya butura, ambayo baba yangu alikuwa ameniapisha nisiifanye hata nikifa njaa. Nikaondoka.

Leokadia hakuniambia tena habari ya kudai. Aliniambia twende Bukoba mjini nikashonewe suruali yenye zipu pana, ambayo mkono mbovu unaweza kuivuta. Nilifurahi. Nikajisemea, amekubali yaishe.

Fundi alikuwa Bi Hidaya, nyuma ya soko, mama wa Kiislamu wa pale pale mjini ambaye babu yake alitoka pwani akaoa huku akasahau kurudi. Chumba kidogo, cherehani moja, meza moja, na mama mmoja mwenzake amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha anashona vifungo vya sare, kichwa chini, walimwita Ma Domitila. Ukutani kulikuwa na bei za kushona, na pembeni ya bei, cheti kwenye fremu. Sikukisoma. Laiti ningekisoma ningekimbia: Bi Hidaya alikuwa msaidizi wa kisheria, wale waliofundishwa na kusajiliwa kuwasaidia watu bila malipo.

"Karibu baba. Simama hapo, usikanyage sketi za watoto wa watu." Akanizungushia kamba ya kupimia tumboni. "Kiuno thelathini na sita. Uliumia tarehe ngapi?"

"Suruali inataka tarehe?"

"Hii inataka."

Nikamtazama Leokadia. Leokadia anatazama bei za kushona kama anazikariri.

"Mwanzo wa msimu uliopita," nikasema, nikamtajia na tarehe.

Kamba ikasimama. Bi Hidaya akaiendea kalenda, akafunua majani nyuma, akafunua mbele, midomo inahesabu. Akarudi, hakunipima tena. "Mzee wangu, kudai kuna mwisho wa muda, miezi kumi na miwili. Wako umebakiza siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hata nikilia machozi ya damu hawatanisikiliza."

Nilidhani madai ni kama deni la dukani, linakungoja.

"Lakini mimi ndiye niliyekosea," nikasema. "Nilihesabu haraka."

"Sikukuuliza nani alikosea. Ulikuwa kazini au hukuwa kazini?"

"Nilikuwa kazini."

"Basi."

"Na meneja nitamfilisi. Ana watoto wanne."

"Meneja hakulipi wewe. Kuna mfuko wa fidia. Mwajiri anachangia kwa ajili ya siku kama ile yako, na kwenye mshahara wako haikatwi hata senti. Hukujua?"

Sikujua! Miaka yote hiyo nilikuwa nakula chakula cha mchana mita kumi kutoka kwenye ofisi inayochangia, na mimi napiga soga za mpira.

Akampigia meneja palepale, akaweka spika. Nikajikunja nikingoja matusi. Sauti ya meneja ikatoka imechoka. "Fomu ya Novatus? Iko kwenye droo yangu tangu wiki ile ile. Sehemu yangu nimejaza. Nilimtuma Ta Respicius mara tatu aje asaini, akarudi kuniambia mwenyewe anasema ni panga. Mama, nisaidie, hilo panga ni nini?"

Leokadia akageuka polepole kutoka kwenye bei za kushona. "Panga?"

Akanisogelea.

"Novatus, ulisema panga?"

"Nilikuwa naumwa."

"Mwaka mzima umeumwa mdomo?"

Bi Hidaya akainua mkono. "Mama, mtamalizana nyumbani, mimi nina siku kumi na moja." Na kweli hakuzilaza. Akamtafuta Ta Respicius aandike alichokiona. Akanipeleka hospitali mwenyewe, mie nikiburuta miguu, nikijua pale ndipo tutakapokwama, kwa sababu uongo wangu uliandikwa kwa wino wa serikali. Daktari akafunua jalada, akalisoma, akacheka kwa pua. Akaligeuza nione. Chini ya maneno ya nesi, "anasema alijikata kwa panga nyumbani," yeye daktari alikuwa ameongeza siku ileile kwa mkono wake: "Vidole vimesagwa, havikukatwa. Jeraha la mashine."

"Panga halisagi mfupa, mzee," akasema. "Nilijua utarudi. Sikujua utachukua mwaka."

Meneja alijua, daktari alijua, Ta Respicius alikuwa na kopo. Wote waliniwekea mlango wazi, na mimi nimeegemea ukuta wa pembeni, nasukuma.

Siku tatu kabla ya mwisho tukakutana tena kwa Bi Hidaya. Kila kitu kilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha bluu cha sare: fomu iliyojazwa na meneja, ripoti ya daktari, mkataba, hati za mshahara, maelezo ya Ta Respicius yenye doa la chai. Bi Hidaya akanisogezea kalamu. Nilikuwa nimejifunza kusaini kwa kushoto, saini yangu inafanana na njia ya konokono lakini ni yangu.

Nikaishika kalamu. Nikaiweka chini.

"Nini tena?" akauliza Bi Hidaya.

"Siwezi."

"Huwezi kuandika? Tutatumia gumba, unalo."

"Siwezi kusaini."

Leokadia hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole, "Novatus, jana jirani kaja na kamba. Si hatua tena, kamba. Nimemwambia asubiri nirudi kutoka Bukoba. Nikirudi nimwambie nini?"

Nikatazama ile fomu. Upande mmoja kibanja kinakwenda sasa, upande wa pili ninakwenda mimi siku ya mwisho. Nikasema basi, bora waniite mjinga kuliko waniite mkaidi, nikafungua mdomo nikayamwaga yote. Kinyozi. Gari lisilopiga honi. Watu wanne wenye makoti. Mpasua mbao wa Buhembe aliyelipwa mguu na serikali ikaja kuuchukua na mwili juu yake. Kaburi la manispaa, kwenye mstari, kwa namba. Nikaeleza mpaka habari za mgomba nilioupanda juu ya vidole. "Nataka kulala kushoto kwa baba yangu," nikasema. "Ndiyo hilo tu. Pesa zao siziogopi, naogopa karatasi yao."

Nilingoja kicheko. Nilikuwa nimejiandaa nacho, hata mimi ningejiunga. Lakini Bi Hidaya hakucheka. Hakunitazama mimi hata kidogo, alitazama dirishani. Na kule dirishani sindano ilikuwa imesimama.

Ma Domitila akakata uzi kwa meno, akakiweka kifungo kwenye sahani.

"Yule wa Buhembe alikuwa mume wangu," akasema.

Sikujua pa kuyaweka macho, nikayaweka kwenye mkono wangu, nao haukunisaidia.

"Na lile gari?" nikauliza. Mpumbavu mimi, bado nilikuwa nalitaka lile gari.

"La kukodi. Nililikodi mimi."

"Wale watu wa makoti?"

"Kaka zangu. Mvua ilikuwa inanyesha."

Akaokota kifungo kingine, akakipuliza vumbi, akatafuta tundu la sindano.

"Hakulipwa kitu, Ta Novatus," akasema. "Hakudai. Kibanja tulikiuza kumtibu, na alipokufa hatukuwa na pa kumzika."